Thonny kwa anayeanza kodingi: miezi mitatu nayo hapa Mtwara, na zamu za mchezo wa shangazi

Wadau habari za saa hizi. Naandika nikiwa Mtwara mjini, huku Chikongola, na leo nataka niiongelee programu moja inaitwa Thonny manake nimekaa nayo miezi mitatu sasa na kila wiki kuna mtu anakuja pale steshenari ninapofanyia kazi ananiuliza bro mi nataka kujifunza kodingi naanzia wapi, jibu langu saivi limekuwa moja tu ndo maana nimeona niliandike lote mara moja.

Kwa asiyeijua, Thonny ni programu ya kuandikia kodi za Python, ambayo ni lugha ya kompyuta, na kuziendesha, imetokea chuo kikuu cha Tartu kule Estonia na waliitengeneza kwa ajili ya anayeanza kabisa. Ni bure. Unaingia thonny.org unadaunlodi unainstoli na Python yenyewe imo humo humo ndani, hakuna cha kutafuta kingine pembeni, hakuna kujisajili wala kuweka namba ya simu. Laptopu yangu ya mtumba, Windows 7, RAM 4, na toleo la 4 nililochukua lilikuwa na faili la mashine za zamani kama hizi, nikalishusha kwa bando la usiku nikaliweka kwenye fleshi na toka siku hiyo sijahitaji intaneti kuitumia. Hili la kutohitaji intaneti msilichukulie poa jamani, wanaokumbuka Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukawa hoi nchi nzima wanajua, ukiwa unajifunzia kwenye kurasa za mtandaoni siku kama zile unakaa tu unaangalia kiduara kinazunguka.

Ila hayo siyo yaliyonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu ya kitu kimoja ambacho hii programu ilinionyesha kwa macho na mwalimu wangu wa mwanzo alishindwa kunielewesha kwa mdomo, nacho ni namba za bahati, zile za random, kwamba inapotoka unatakiwa uishike. Ngoja nieleze taratibu.

Kabla ya Thonny nilisoma darasa moja hapa mjini, silitaji jina, wiki nne. Tulikuwa tunaandikiwa kodi ubaoni tunanakili. Siku ya random tukaandika kodi ya kurusha kete, kwenye skrini ikasema umepata 6, mstari wa chini yake ikasema pole hujapata 6. Nikauliza mwalimu mbona inajipinga? Akasema "ndo random ilivyo, haitabiriki." Ni kweli haitabiriki lakini hilo halikuwa swali langu, swali langu lilikuwa kete imerushwa mara moja kwa nini inasoma mara mbili tofauti, na nilirudi nyumbani nikiwa na hilo swali kichwani na kwa muda nikaamini kompyuta ina matatizo au mimi ndo siyo mtu wa haya mambo. Wapo wengi wanaoacha kodingi sehemu kama hiyo na ndo kinachoniuma, manake kitu chenyewe ni kidogo mno ukionyeshwa.

Baada ya kupata Thonny mchezo wa kwanza niliotengeneza mwenyewe ni ule wa watoto wa huku, unaficha korosho mkononi mwenzako anakisia ziko ngapi. Nikaandika hivi:

import random
kisio = 0
while kisio != random.randint(1, 5):
    kisio = int(input("Korosho ngapi? "))
print("Umepata!")

Hapo while ni kitanzi, inarudia kuuliza maadamu kisio siyo sawa (ndo hiyo !=) na namba iliyotoka. Nikamwita mpwa wangu, ana miaka tisa, nikamwambia kisia, namba ni kati ya 1 na 5. Akaandika 3, hamna. Akaandika 1, hamna. Akaandika 2, 4, 5, zote hamna. Akaniangalia akasema "mjomba huyu anabadilisha, nimetaja zote." Na alikuwa sahihi kabisa yule mtoto, kwa sababu mkononi kuna korosho moja hadi tano na ametaja zote tano, lazima moja ingepata. Kumbe kodi yangu ilikuwa kama mtu ambaye kila ukikisia anapeleka mkono nyuma ya mgongo anachukua korosho nyingine afu anarudisha ngumi mbele. Baadaye nilipiga hesabu, kwa kodi ile mtu akitaja namba zote tano uwezekano wa kukosa zote ni karibu mara 33 kwa kila 100, kwa hiyo kuna siku ungecheza ukapata na usingejua kabisa kama kodi ni mbovu.

Sasa hapa ndo Thonny ilinishika. Badala ya kubonyeza F5 ya kuendesha kawaida unabonyeza Ctrl na F5, inaingia kwenye hali ya kudebagi, yaani kusaka kosa hatua kwa hatua, inasimama kwenye mstari wa kwanza inakusubiri. Ukibonyeza F6 inapita mstari mzima, ukibonyeza F7 inaingia ndani ya mstari kipande kwa kipande. Nikafika kwenye ule mstari wa while nikawa nabonyeza F7 polepole. Kwanza ikaweka kiboksi kwenye neno kisio, neno likatoweka pakakaa 0. Ikahamia kwenye random.randint(1, 5), F7, F7, na yale maandishi yote yakatoweka mbele ya macho yangu pakabaki 4. Yaani 4 tupu, pale pale palipokuwa na yale maandishi. Halafu ikalinganisha 0 na 4, siyo sawa, ikaingia ndani kuuliza kisio. Nikaandika 4 kwa makusudi. Ikarudi juu kwenye while, na pale pale kwenye kiboksi maandishi ya random.randint yalikuwa yamerudi kama mwanzo, nikabonyeza tena yakageuka 2.

Nilikaa kimya kama dakika nzima. Ile 4 ilikuwa imeenda wapi? Haikwenda popote, haikuwekwa popote, ilitumika kulinganishwa mara moja ikapotea. Random.randint siyo jina la namba, ni agizo la kurusha kete, na kila Python inapofika kwenye lile agizo inarusha upya, haijui kwamba ilisharusha na haijali. Ukitaka ile namba ya kwanza ikae inabidi uipe jina la kukalia:

jibu = random.randint(1, 5)
while kisio != jibu:

Mara moja tu, juu, nje ya kitanzi. Kuanzia hapo ukisema jibu, jibu, jibu hata mara mia ni ile ile namba. Na Thonny ina dirisha pembeni linaitwa Variables (kama halionekani nenda menyu ya View ulitiki), humo unaona jina jibu na mbele yake 4, imekaa. Mpwa wangu anakisia na ile 4 haitikisiki. Nikamwonyesha lile dirisha akacheka akasema sasa mkono uko wazi, hivyo akicheza inabidi nilifunge asichungulie.

Nimeirefusha hii sehemu kwa makusudi. Kwenye kodi ya kete ya darasani ilikuwa ni hivyo hivyo, if imerusha kete yake, mstari wa chini umerusha nyingine, kete mbili tofauti na sisi tukadhani ni moja. Wiki nne sikuelewa, kwa F7 nilielewa jioni moja.

Haya sasa kwa shangazi. Shangazi yangu anakaa Mikindani, ni kijumbe wa mchezo, wako akina mama 12 wengi wao wanabangua korosho na kukaanga, kila wiki kila mmoja anatoa 10,000 kwa hiyo anayepokea anapokea 120,000, wiki 12 mzunguko unaisha. Mwanzo wa mzunguko wanaokota vikaratasi kwenye bakuli kujua nani wa kwanza nani wa mwisho. Mzunguko uliopita palitokea maneno, mtu akasema kikaratasi cha fulani kilikunjwa kwa alama, wakasuluhishwa lakini shangazi hakupenda. Jumapili nimeenda kumsalimia, shikamoo shangazi, marahaba baba, akanipa uji akaniuliza ile kompyuta yangu inaweza kupanga watu bila kumjua mtu? Nikamwambia inaweza. Akauliza tena, "haimjui mtu kabisa?" Nikamwambia shangazi haina hata macho.

Nikarudi kuandika. Kwa majaribio sikuweka majina yao ya kweli, niliweka Mama Korosho, Mama Ufuta, Mama Mbaazi, Mama Muhogo na kadhalika mpaka wakafika 12, nikaiita listi majina. Jaribio la kwanza nilifanya kila wiki ichague mmoja, imtangaze kwenye skrini na imwandike kwenye faili kama kumbukumbu:

print("Anayepokea wiki hii ni", random.choice(majina))
faili.write(random.choice(majina))

Kwenye skrini ikatoka Mama Ufuta. Nikafungua faili nikakuta Mama Mbaazi. Mikono ilinitoka jasho, kwa sababu hapa siyo korosho za mtoto, hapa ni 120,000 ya mtu, umtangazie mmoja mbele ya wenzake afu daftari linasema mwingine, Mikindani yote isingelala. Na kosa ni lile lile la mwanzo, nimerusha kete mara mbili. Mbaya zaidi, kwa watu 12 mara moja katika 12 skrini na faili vitalingana kwa bahati, ukijaribu mara moja ukakuta vimelingana unaridhika unaipeleka kwa watu. Ndo maana nawaambia wanaoanza, kitu chenye random usikijaribu mara moja, kijaribu mara ishirini.

Dawa ni ile ile, shika kwanza:

aliyepata = random.choice(majina)

afu tangaza aliyepata, andika aliyepata. Jina moja sehemu zote.

Bado kukawa na shida nyingine, wiki inayofuata random.choice inaweza kumchagua yule yule, kwa sababu nayo haikumbuki. Nikafikiri kumwondoa kwenye listi kila akichaguliwa, inawezekana, lakini akina mama wanataka kujua zamu zote siku ya kwanza ili mtu ajue ada ya mtoto ataitoa wiki gani, kwa hiyo kinachotakiwa ni kupanga wote mara moja na kuweka. Nikasoma nikakuta random.shuffle inachanganya listi kama karata. Nikaandika zamu = random.shuffle(majina), nikaprinti zamu, ikatoka None. Hamna kitu. Hapa dirisha la Variables likaniokoa tena kwa sekunde mbili, nikaona zamu mbele yake None na majina yamevurugika mpangilio, maana yake shuffle imechanganya listi yenyewe pale pale ilipo na haikurudishia chochote. Nisingekuwa na lile dirisha ningehangaika usiku kucha. Nikahamia random.sample(majina, 12), hii inachukua 12 bila kurudia mtu na inakupa listi mpya, ile ya mwanzo inabaki kama ilivyoandikishwa:

zamu = random.sample(majina, 12)

Kwenye Variables sasa zinaonekana mbili, majina ya mpangilio wa kujiandikisha na zamu ya mpangilio wa kupokea. Safi kabisa. Kwa watu 12 kuna njia 479,001,600 za kuwapanga, na kompyuta imechukua moja.

Kidogo kuhusu hiyo bahati yenyewe, manake shangazi aliniuliza na wengine wataniuliza. Python haichukui bahati kutoka hewani, inatumia hesabu inayoitwa Mersenne Twister, waliitunga Wajapani wawili Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka 1997, inaanza na namba moja ya mbegu afu inazalisha namba zinazofuatana ambazo ukiziangalia huoni mpango. Ukiweka wewe mwenyewe mbegu, mfano random.seed(7), kila ukiendesha utapata mfuatano ule ule. Kwenye kujaribu hii ni dhahabu, kodi ikikosea unairudia ikosee vile vile mpaka uone kosa liko wapi, mimi nilitumia sana. Ila siku ya zamu za kweli nikaifuta, kwa sababu mwenye kuijua mbegu na kodi anaweza kuiendesha kwake kabla akajua nani wa kwanza, na hapo itakuwa ni kikaratasi chenye alama kwa njia nyingine. Na nywila za watu msitengeneze na random, tumieni moduli (kifurushi cha kodi zilizo tayari) ya secrets, ipo kwenye Python toka 3.6.

Turudi kwenye kushika. Nilidhani nimemaliza, kumbe bado. Ile zamu ipo kwenye variabo, yaani lile jina la kukalia, na variabo inaishi wakati programu inaendeshwa tu. Siku nipo steshenari najaribu, umeme ukakata, betri ya laptopu yangu ni ya mapambo haikai hata dakika mbili, ikazima. Ilipowaka nikaendesha tena, zamu nyingine kabisa, Mama Korosho aliyekuwa wa kwanza kawa wa tisa. Fikiria hiyo ingekuwa wiki ya nne ya mchezo. Kwa hiyo kushika kwenye variabo kunatosha kwa mchezo wa korosho, kwa pesa za watu unashika kwenye faili:

with open("zamu.txt", "x") as faili:
    for jina in zamu:
        faili.write(jina + "\n")

Angalieni hiyo "x". Mwanzo niliweka "w" kama wengi wanavyofundishwa, na "w" ikikuta faili lipo inalifuta kimya kimya inaandika jipya, maana yake mtu akibonyeza F5 kwa bahati mbaya zamu za akina mama zimeenda. Ukiweka "x" ikikuta faili lipo inagoma, inatoa erori ya FileExistsError na faili la zamani linabaki salama. Baadaye nikaongeza kwamba ianze kuangalia kama zamu.txt ipo kwa os.path.exists, ikiwepo isome zilizomo, isipokuwepo ndo ipange. Hapo hata uiendeshe mara elfu zamu ni zile zile. Wengine wataona nimejichosha, lakini mi naona hii ndo sehemu yenyewe hasa, bahati nasibu ni dakika moja, kuitunza ni wiki 12.

Kosa jingine la kuwaonya. Nilihifadhi faili langu la kodi kwa jina random.py nikaona jina zuri. Ikaanza kuleta erori ndefu kwamba moduli ya random haina randint. Sababu ni kwamba ukisema import random Python inaangalia kwanza kwenye folda ya faili lako, ikakuta random.py ya kwangu ikaichukua hiyo badala ya ile yake. Badilisha jina la faili, weka hata korosho.py, inatulia. Na wanaotoka kwenye mafunzo mengine wajue randint(1, 6) inajumuisha na 6, ila randrange(1, 6) inaishia 5.

Sasa yenyewe Thonny kwa ujumla nimeionaje. Muonekano ni mwepesi, juu unaandika, chini panaitwa Shell ndo majibu yanatoka, vitufe vichache, haikujazii madirisha. Kwenye mashine yangu ya RAM 4 inafunguka bila kulalamika. Ukisahau kufunga mabano inapaka rangi kuanzia pale ulipoacha wazi, na maneno ya ndani ya alama za kunukuu usiyoyafunga vile vile, kwa anayeanza hii inaokoa muda sana. Kitu ambacho watu wa huku itabidi wakijue mapema ni kwamba ni ya kompyuta tu, Windows, Mac na Linux, kwenye simu haipo, na wengi wetu tuna simu hatuna laptopu. Hilo kwa kweli ni pengo kubwa kwa kijana wa Newala au Nachingwea anayetaka kuanza leo. Ninachofanya mimi ni kuwaruhusu vijana wawili watatu wakae kwenye mashine ya steshenari jioni kazi zikipungua, tunaweka kodi moja tunapita nayo kwa F7 wote tunaangalia.

Halafu ukifika mbali na kodi yako ikawa faili nyingi utaanza kuona unahitaji programu kubwa zaidi, na ule mwendo wa F7 kwa listi ndefu unachosha, kwa hiyo tumia data ndogo ukiwa unajifunza, watu wanne watano. Ila kwa miezi sita ya mwanzo sioni cha kuifikia. Naipa nyota tano kwa anayeanza, na ningetaka kila darasa la kompyuta hapa Mtwara na Lindi waifungulie siku ya kwanza lile dirisha la Variables, kabla hata ya kufundisha if.

Siku ya zamu nilienda Mikindani na laptopu nimeichaji mpaka mwisho. Akina mama wamekaa kwenye mkeka barazani kwa shangazi, nikaandika majina yao ya kweli mbele yao kila mmoja anataja la kwake na kuangalia kama nimelipatia. Mmoja akataka alibonyeze yeye, nikaona hiyo ni sawa kabisa, nikamsogezea akabonyeza F5. Zikatoka zamu 12. Mwenzake akasema tena, bonyeza tena tuone kama itabadilika. Akabonyeza. Zile zile. Mara ya tatu, zile zile. Wakaangaliana, na yule aliyekuwa wa 12 akasema basi haya, ikishasema haigeuki. Wakazinakili kwenye daftari la shangazi kila mtu akaweka sahihi au dole gumba mbele ya jina lake, nikaprinti nakala steshenari kesho yake, imebandikwa nyuma ya mlango wake.

Saivi wako wiki ya tano na hakuna aliyelalamika. Ila shangazi ameshaniita tena, anasema mzunguko ujao utaangukia msimu wa korosho na waliokuwa wa 10, wa 11 na wa 12 safari hii wasiwekwe tena mkiani, siyo haki. Kwa hiyo kodi mpya itabidi kwanza isome zamu.txt ya mzunguko huu ijue walikuwa kina nani afu ndo ipange. Faili lipo kwenye laptopu, nakala nyingine kwenye fleshi, na ya tatu nimemtumia binamu yangu kwenye simu. Nikishaimaliza ntaiweka hapa mtu aichukue.